Boyau Nyembamba za Komanda: Kutoka Vulamba Hadi Oicha

Niliondoka Butembo kwa sababu mdogo wangu Kasereka alikuwa ameshambulia barieri ya jeshi kwa baiskeli. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi. Ukweli ni kwamba alikuwa akisukuma magunia mawili ya viazi kwenye mteremko wa kuingia Beni, mvua imenyesha, miguu ikateleza, na baiskeli ikaanza kumvuta yeye badala ya yeye kuisukuma. Aliing'ang'ania mpaka mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa ule mti uliolazwa katikati ya barabara kusimamisha watu. Mti ukavunjika vipande viwili. Hiyo ilikuwa miaka ya vita ya pili ya Kongo, Beni ikiwa na serikali yake ya waasi na mihuri yake, na kuvunja mti wa barieri kulikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja mguu wa mtu. Viazi vililiwa siku ileile. Kasereka akawekwa kasho, yaani mahabusu.

Alikuwa amekaa humo majuma matatu askari alipofika Vulamba, mtaa wetu wa Butembo, na barua. Mimi ni fundi wa baiskeli, na kibanda changu kiko pale Vulamba mpaka leo. Barua ilitoka kwa Komanda mmoja wa Beni, mtu aliyekuja kwetu kutoka majimbo ya magharibi, mnene, mwenye sauti nzuri. Aliandika kwamba Jumapili atafanya mashindano ya baiskeli ya amani, kutoka Beni hadi Oicha, ili watu waone kwamba barabara ni salama. Kwa kuwa mimi ndiye fundi ninayejua boyau, nimtayarishie magurudumu yake na kuyapeleka mwenyewe kabla ya Jumamosi. Chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, aliongeza kwamba kuhusu ndugu yangu tutaelewana.

Lazima nieleze boyau. Ni tairi ya baiskeli ya mashindano, ambayo mpira wake wa ndani umeshonewa humohumo, ikawa kitu kimoja cha mviringo kama utumbo wa mbuzi uliojazwa. Haikai kwenye janti, yaani rimu, kwa kubanwa kama tairi zetu. Inabandikwa kwa gundi. Ikitoboka, unafumua mshono, unaweka kiraka, unashona tena. Nilifundishwa kazi hiyo ujanani na padri mmoja aliyependa kukimbiza baiskeli kuliko kusikiliza maungamo. Padri aliondoka zamani, na Butembo nzima mtu aliyejua kushona boyau nikabaki mimi. Ujuzi huo haukuwa umenilisha hata siku moja.

Siku ileile, Jumatatu, askari alinikabidhi magurudumu. Yalikuwa zawadi ya mfanyabiashara wetu mmoja anayesafiri Dubai, ambaye alitaka malori yake yapite kwa Komanda bila maswali. Yalikuwa ya kaboni, meusi, mepesi kiasi kwamba ukiyainua mkono unapanda wenyewe. Mfanyabiashara hakujua boyau za ukubwa gani zinahitajika, kwa hiyo alifanya kama wanavyofanya kwa viatu. Alileta jozi mbili, moja nyembamba ya milimita ishirini na moja, na nyingine nene ya milimita ishirini na tano.

Msomaji atacheka kwamba mtu anaweza kukosa usingizi kwa ajili ya milimita nne. Mimi nilizipima kwa kucha yangu. Nilijaribisha boyau nyembamba kwenye janti, ikalala vizuri katika mfereji wake kama mtoto mgongoni. Nilijaribisha ile nene, ikaning'inia kidogo pande zote mbili, kingo zake hazigusi janti. Basi janti ilipiga kura kwa nyembamba. Barabara ya Oicha, ambayo ni mawe, mashimo na tope, ilipiga kura kwa nene, kwa sababu nene huwekwa hewa ya kiasi na kuyameza mawe, na nyembamba hujazwa hewa mpaka inakuwa ngumu, na kila jiwe linamfikia mpandaji. Uzito wa Komanda nao ulipiga kura kwa nene, mara mbili. Ilikuwa muda mrefu tangu watu wa kwetu waone kura, nami niliziheshimu zote.

Jibu nililijua. Padri alinifundisha: kama boyau ni nene kuliko mfereji, unajaza kingo kwa utepe wa kitambaa uliolowa gundi, unaacha siku mbili, na mtu anapanda kwa amani. Kazi ndefu kidogo, lakini kazi ninayoijua. Kitu kimoja tu kilinizuia. Komanda alikuwa ameandika, na kupiga mstari chini yake, kwamba anataka zile nyembamba kabisa, kama anazoziona kwenye picha za mabingwa. Kwake yeye tairi nene ni ya watu wanaobeba ndizi.

Mke wangu Masika alinikuta nimekaa na jozi zote mbili magotini. Nikamsomea barua. Aliniambia niweke zile nene na kumweleza Komanda sababu yake kwa heshima, kwa kuwa akianguka atasema nilimwangusha. Nikamjibu kwamba mtu ameomba kwa maandishi na mihuri miwili, na mimi ni nani wa kubishana na muhuri. Akanitazama vile anavyonitazama ninapodanganya wateja.

Nasema wazi sasa, kwa kuwa wakati ule sikusema kwa mtu: nilimchukia Komanda yule. Nilimwaza akiteremka kwa mwendo kwenye mawe na tumbo lake, juu ya boyau za milimita ishirini na moja zilizojaa hewa, na kila nilipomwaza moyo wangu ulifurahi. Nilinyoosha zile nyembamba kwenye janti siku nzima ya Jumanne, Jumatano nikapaka solisio, ile gundi ya kubandikia viraka, tabaka tatu, maana gundi yenyewe ya boyau haikuwapo tangu padri aondoke. Nilizibandika kwa ustadi wangu wote. Hakuna mtu ambaye angesema kazi ilikuwa mbaya. Kazi ilikuwa nzuri, na uchaguzi ulikuwa mbaya, na vyote viwili nilivifanya kwa makusudi. Zile nene niliziacha nyumbani, ili nisije nikamhurumia njiani.

Alhamisi alfajiri nilitoka mjini kwa miguu, gurudumu moja kila bega, mgongoni pampu, sindano na kopo la solisio. Magari yalikuwa machache na yaliogopa msitu. Watu walitembea kwa makundi, na kundi langu lilikuwa la wasukuma baiskeli, jamaa za Kasereka kwa kazi, kila mmoja na mzigo wake wa viazi na vitunguu. Waligusa kaboni kwa zamu. Mmoja aliniuliza inabeba kilo ngapi. Nikamwambia inabeba mtu mmoja. Alingoja nimalizie, na alipoona nimemaliza akanipa pole.

Kwenye barieri ya kwanza askari walikuwa na orodha. Kulikuwa na mtu anayetembea, mtu mwenye baiskeli tupu, mtu mwenye baiskeli iliyopakiwa. Mtu mwenye magurudumu mawili bila baiskeli hakuwamo. Mkubwa wao alinizunguka mara mbili, akauliza baiskeli iko wapi, nikasema iko Beni. Akauliza nani aliipeleka bila magurudumu. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali, na mwishowe akaamua kwamba mimi ni nusu ya baiskeli tupu, akanipitisha.

Saa kumi tulifika Maboya. Nililala kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa Kasai aliyetumwa kwetu na serikali ya Kinshasa kabla ya vita, akabaki upande wa pili wa mstari wa mapigano bila mshahara na bila njia ya kurudi. Alifundisha kwa malipo ya maharage, na aliongea kana kwamba mkaguzi amekaa nyuma ya darasa. Aliyapima magurudumu kwa mkono, akanieleza kwamba kaboni ni ndugu wa makaa, makaa yaliyosukwa kama nyuzi. Kisha akachukua kijiti akachora mchangani tairi nyembamba na jiwe, na tairi nene na jiwe.

"Donc, Fundi, ile nyembamba inapiga jiwe na nguvu yote fasi moja," alisema. "Mutu yenye kuikalia, pole yake."

Nikamwambia mwenye kuikalia ni komanda wa jeshi. Mwalimu alifuta mchoro kwa mguu, taratibu, akaniuliza kama ninapenda maharage yenye pilipili. Tulikula tukiwa na furaha ambayo hakuna aliyeitaja.

Ijumaa asubuhi tulipita Kabasha, na hapo nilivuna matunda ya elimu. Askari wa barieri aliuliza vitu vyeusi hivi ni vya nini, nami, kwa kiburi cha mtu aliyefundishwa jana, nikasema vimetengenezwa kwa ndugu wa makaa. Uso wake ukang'aa. Makaa yalikuwamo kwenye orodha yake. Ni mali ya msitu, na ushuru wake ni kwa gunia. Nilijitahidi kurudisha maneno mdomoni lakini yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwenye daftari. Tulibishana kama magurudumu mawili ni gunia zima au robo. Nililipa kwa kumshonea buti iliyoachama mbele, kwa sindano ile ya boyau, mshono uleule wa padri, na bila shaka ile ndiyo buti pekee ya vita ile iliyoshonwa kwa ufundi wa mashindano.

Beni niliingia saa tisa mchana. Kwenye mteremko niliona barieri ya Kasereka. Mti ulikuwa mpya, mnene mara mbili ya mti wowote niliowahi kuona barabarani, na askari walikuwa wameupaka rangi.

Ofisi ya Komanda ilikuwa nyumba ya mtu mwingine. Alinipokea mlangoni, akanipa kiti na soda, akaniita fundi mkuu. Baiskeli yenyewe ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyekundu, bila magurudumu, kama kuku aliyekatwa miguu. Nikaifungia miguu yake. Alibonyeza boyau kwa kidole gumba na kidole hakikuingia hata kidogo.

"Voilà," alisema. "Nyembamba. Njo za babingwa. Weye unaonaje, iko bien?"

Nikajibu kwamba iko bien, iko sawa kabisa, Komanda. Nakumbuka jibu lile kuliko yote niliyoyasema safarini.

Basi akapiga makofi, na askari akamleta Kasereka. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota, lakini aliponiona alicheka. Komanda alimwekea mkono begani kama mzazi. Akanieleza kwamba mkubwa wa jeshi hawezi kukimbizana na raia barabarani, haipendezi. Yeye atatangulia Oicha kwa gari, atoe hotuba, apokee ushindi. Baiskeli itapandwa na mtu wake. Alipouliza ndani ya kasho nani anajua mambo ya baiskeli, huyu alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Akishinda, aende nyumbani siku ileile, mbele ya watu wote. Akishindwa, arudi akamalizie barieri yake.

Nilijitahidi kuongea kwa sauti ya fundi. Nilisema, sasa nilipofikiri vizuri, nyembamba hizi hazifai barabara ya Oicha, mawe ni mengi, mtu anaweza kuumia. Nilisema kuna jozi nene Butembo, anipe siku nne tu.

Komanda alinisikiliza bila kukasirika. Hilo ndilo lililonitisha.

"Fundi, sasa hivi umesema iko bien," alisema. "Wakati ulijua ni miye nitapanda, ilikuwa bien. Sasa ni ndugu yako, haiko bien tena. Unieleze, nisikie muzuri."

Kila neno lililokuwa la kumwokoa Kasereka lilikuwa pia la kukiri kwamba nilimtakia mwenye barua kuvunjika shingo. Niliangalia sakafu, nikasema labda mimi ni mwoga tu, milima inatutia woga. Komanda akasema mwoga husamehewa, na akaagiza niletewe soda ya pili. Niliinywa.

Jumamosi waliniruhusu nusu saa na Kasereka uani, askari akisikiliza. Nilimwambia ashuke kwenye mawe, asikimbize kwenye mteremko, apunguze hewa akiwa mbali na macho ya watu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa maneno.

"Yaya, miye sijue kupanda," akasema polepole, na yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Tangu nizaliwe niko nasukuma tu."

Ilikuwa kweli, na mimi ndugu yake nilikuwa nimesahau. Baiskeli ya msukumaji haina hata makanyagio. Huondolewa ili yasipige miguu. Ana fimbo moja imefungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya mzigo, na anatembea kando yake kutoka Manguredjipa mpaka Butembo bila kuikalia hata hatua moja. Komanda alipouliza nani anajua baiskeli, Kasereka alifikiri kuna mzigo wa kusukuma. Anaijua baiskeli kuliko watu wote wa Beni, isipokuwa jambo moja. Nikamfundisha kukaa juu ya ile nyekundu mle uani, ukuta hadi ukuta, kwa muda uliobaki.

Jumapili, baada ya misa, mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku na watu walikuwa wengi. Washindani walikuwa kumi na wawili, kumi na mmoja wakiwa kwenye baiskeli nzito nyeusi zenye tairi pana na madigadi ya kuzuia matope. Kasereka alikuwa katikati kwenye nyekundu, miguu yake mikubwa bila viatu. Mimi nilipandishwa nyuma ya pikapu pamoja na pampu, kama fundi wa safari. Mpiga picha mmoja aliyapiga picha magurudumu zaidi kuliko mtu. Komanda alisoma maneno machache juu ya usalama wa barabara, akaondoka na askari wengi.

Filimbi ililia. Kasereka alikwenda mita mia tatu hivi, akiyumba, akitazama gurudumu la mbele kama mtu anayevuka mto. Watu walipiga makofi. Nami nilianza kuomba, na kuamini kidogo. Kisha barabara iliteremka, mwendo ukamzidi, na hakujua jinsi ya kuupunguza, kwa sababu msukumaji hupunguza kwa visigino. Jiwe lilikuwa dogo, la ukubwa wa ngumi. Boyau ya mbele ililipuka kwa mlio uliofanya askari wote walale chini. Kasereka alipita juu ya usukani akatua kwa mkono wa kushoto, na aliposimama nyama ya mkono ilikuwa wazi kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja.

Niliruka kutoka kwenye pikapu nikamfungia kwa shati langu. Sikuwa na boyau nyingine. Nilikuwa na sindano, pampu na kopo la solisio, na nyumbani Vulamba nilikuwa na jozi nzima inayofaa. Nililia pale barabarani mbele ya watu, mtu mzima. Yeye alikuwa anaangalia wale kumi na mmoja wakipotea mbele.

"Hii kinga iko na kilo ngapi?" akauliza, akiionyesha baiskeli.

Nikamwambia nane, labda tisa.

Akaiokota kwa mkono mzima, akaiweka begani, akaanza kukimbia.

Nimeyasimulia haya kwa watu wengi na wengi hawaamini, lakini waulizeni wasukumaji. Mtu ambaye kila juma hupandisha kilo mia na hamsini milimani, umpe kilo tisa kwenye barabara ya tambarare, umempa likizo. Kabla ya Mavivi, mimi nikiwa nimerudi kwenye pikapu nyuma yake, tulimkuta mshindani wa kwanza amepiga magoti, akichokoa tope kwa kijiti kati ya tairi yake pana na madigadi yake. Gurudumu halikuzunguka tena. Wa pili na wa tatu walikuwa mbele kidogo, katika hali hiyohiyo. Tope la barabara ile lilikuwa zito, na kadiri tairi ilivyokuwa pana ndivyo ilivyobeba zaidi. Kasereka aliwapita akisalimia. Mbau tulipofika watu waliokuwa wakianika kakao walitoka kutazama, mzee mmoja akauliza baiskeli ya nani imekufa inapelekwa kuzikwa. Damu ilikuwa imepita shati langu ikawa inadondoka kwenye magoti yake, na kila tone mimi nililiona.

Oicha alifika akiwa na mmoja tu mbele yake. Huyo aliteleza mita hamsini kabla ya kamba ya mwisho, akakaa kwenye tope akishindwa kuinuka kwa kucheka. Mwamuzi alipiga kelele kwamba baiskeli lazima iguse ardhi. Basi Kasereka akaishusha, akaushika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa ubavu, akaivusha kamba kwa kuisukuma. Ilikuwa njia pekee aliyoijua.

Komanda alifurahi sana. Alitoa hotuba ya pili, akasema magurudumu ya kisasa yameshinda. Alinionyesha boyau ya nyuma, ambayo haikuwa na hata mkwaruzo, maana karibu njia yote haikuwa imegusa chochote, akasema unaona, Fundi, ulikuwa unaogopa bure. Kuhusu ya mbele alisema kila mashine ina hitilafu yake. Alitimiza ahadi mbele ya watu wote, na alimwambia Kasereka ajiandae kwa mashindano ya mwaka ujao. Mwaka uliofuata wakubwa wa Beni walikuwa wengine, wakiwa na mihuri mingine. Muuguzi wa zahanati ya Oicha alimshona Kasereka mkono. Nilihesabu mshono ule nikiwa nimeshika taa ya mkononi, na ulifanana na wangu.

Jumatatu tulitoka Oicha kwa pikapu ileile hadi Beni, na Jumanne tukaanza kurudi Butembo kwa miguu, yeye na mkono wake kifuani, mimi na pampu. Hatukuwa na mzigo wowote na barieri zote zilitupitisha kama watu wanaotembea. Aliniuliza habari za mke wake na watoto, nikamweleza. Tulipokwisha kupita Kabasha aliuliza swali nililokuwa nikilisubiri tangu Jumapili.

"Yaya, ile boyau, nani alichagua?"

"Komanda," nilisema. "Aliandika mu barua."

"Na weye ulijua haitafaa?"

Ningeweza kudanganya. Hakuwa amesoma barua, wala hakuwa amemsikia mwalimu wa Maboya. Lakini nilikuwa nimechoka na ule uongo niliouanza kwa hiari yangu.

"Nilijua," nilisema. "Nilifikiri ni yeye atapanda."

Kasereka alitembea. Hakukasirika, na nilitamani akasirike. Alizungumza bila kunitazama.

"Mu kasho nilikuwa naambia benzangu, musiogope. Kama ni yaya yangu njo alitengeneza, mutu yeyote anaweza panda."

Tulifika Vulamba siku ya pili mchana. Watu walikuja kumpongeza mshindi, na walinipongeza mimi pia, fundi wa magurudumu yaliyoshinda. Kwa miezi kadhaa nilipata wateja waliotaka tairi nyembamba.

Nilichojifunza katika safari ile si kingi. Mtu akija kwangu kuuliza achague upana gani, ninamuuliza barabara yake, uzito wake na janti yake, na sifungi kitu ambacho nisingekikalia mwenyewe, hata mteja awe nani. Wananiambia mimi ni fundi mwaminifu kuliko wote Vulamba. Kasereka bado anasukuma, na tairi zake zote ananunua kwangu mpaka leo. Anazilipia, anazibeba kwenye mkono wenye kovu, anakwenda nazo nyumbani, na anazifunga mwenyewe.